Benga katika Darasa la Fasihi

Ubishi huu huzuka karibu kila mara mwanafunzi wa uzamili anapoleta pendekezo la utafiti lisilo na riwaya ndani yake. Anataka kuandika juu ya benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, au ohangla, ngoma yao, au vipindi vya redio vya asubuhi, au vichekesho vinavyozunguka kwenye simu za watu. Nusu ya kikao huchangamka. Nusu ya pili huuliza: matini iko wapi? Nimekaa kwenye vikao hivyo vya kutosha kujua kwamba pande zote mbili zina watu wanaoipenda fasihi kwa dhati, na kwamba swali lenyewe si dogo. Ndilo linaloamua nani ataajiriwa kufundisha fasihi ya Kiafrika huku kwetu, atafundisha nini, na siku akistaafu atakuwa ameacha nini katika maktaba za vyuo vikuu vya Njoro, Maseno na Kakamega.

Nianze na wanaotilia shaka tafiti za namna hiyo, maana siku hizi hawasikilizwi inavyostahili.

Hoja yao kubwa ni ya muda. Wengi wa wanafunzi wetu wa fasihi wanasomea ualimu. Wakimaliza watasimama mbele ya darasa la sekondari wakiwa na kitabu teule mkononi, na mtoto wa mkulima wa Molo au Bondo atategemea kile walichosoma wao. Muhula una wiki kama 14, ukienda sawa. Mwaka 2025 mgomo wa wahadhiri, waliokuwa wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya zamani, ulikula wiki saba. Zilizobaki zikabanwa kama kawaida: mihadhara ya Jumamosi, vitabu vitano vikawa vitatu. Na wanafunzi wenyewe wanatufikia wakiwa wamelelewa na miongozo. Ukisahihisha karatasi zao unaona: mtu anakutajia sifa sita za mhusika, zote sahihi, kila moja na maelezo yake, lakini hana hata sentensi moja aliyoitamka mhusika huyo. Hajawahi kukutana naye. Amesimuliwa habari zake. Ukiondoa riwaya moja kwenye kozi ili upate nafasi ya nyimbo, huenda umeondoa riwaya pekee ambayo angeisoma mwanzo hadi mwisho mwaka huo.

Hoja yao nyingine inauma zaidi, nami naikubali bila kupunguza neno. Tasnifu nyingi za utamaduni pendwa, yaani nyimbo, redio na vichekesho hivyo, ni nyepesi. Sura ya pili ni nadharia iliyoazimwa, sura ya nne ni nyimbo tano zilizotafsiriwa harakaharaka kwa Kiingereza, na hitimisho linasema kwamba wimbo unaakisi jamii. Hakuna gitaa mle ndani. Hakuna hadhira. Lugha yenyewe ya wimbo haionekani, kwa sababu mashairi asilia hayakuwekwa hata kwenye kiambatisho. Mtu akija kuhakiki riwaya ya Kifaransa bila kujua Kifaransa tutamrudisha nyumbani. Anayehakiki nyimbo za Kijaluo kwa kutegemea tafsiri ya rafiki yake tunampa shahada.

Kuna pia kumbukumbu ya miaka ya 1970, Charles Mangua na David Maillu walipokuwa wakiuza riwaya zao za mapenzi, pombe na maisha ya mjini kwa wasomaji ambao hawakuwa na habari na vyuo vikuu. Chris Wanjala, mhakiki aliyetoka Magharibi mwa Kenya na ambaye baadaye alifundisha pia Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, alikuwa miongoni mwa walioikosoa fasihi pendwa ya namna hiyo kwa ukali. Leo ni rahisi kusema ulikuwa ukali wa wasomi wasiopenda starehe za watu wa kawaida. Mimi naona alichokuwa anauliza ni swali halali: maandishi haya yanamfanya nini msomaji wake? Watetezi wengi wa utamaduni pendwa wameacha kabisa kuliuliza. Kwao kitu kikipendwa na wengi, basi uchambuzi umekwisha.

Upande wa pili nao unaanzia mbali kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu jijini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawe na idara itakayoiweka Afrika katikati, fasihi simulizi ikiwa nguzo yake mojawapo. Tunaukumbuka waraka ule kwa sababu ya Ngũgĩ. Owuor-Anyumba hutajwa kwa uchache, na hapo ndipo tunapopoteza kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtafiti wa nyimbo, aliyeandika kuhusu nyimbo za Wajaluo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mageuzi tunayojivunia yalibebwa pia na mtu aliyekwenda kuwasikiliza wapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo.

Mwaka huohuo Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alikuwa Kisumu. Alikuwa ameondolewa kwenye Ukumbi wa Taifa wa Uganda, akaja kufanya kazi katika elimu ya nje ya chuo iliyoendeshwa na chuo kikuu cha Nairobi upande huu wa Magharibi, na Desemba 1968 akaandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima wasiokuwa wanafunzi wa kudumu, na hakuona mpaka kati ya mhadhara na ngoma. Kwa hiyo anayesema benga ni mgeni aliyeingia darasani juzi kupitia nadharia za ng'ambo hajaangalia historia ya idara zetu wenyewe.

Lakini historia haitoshi kumpa mtu nafasi kwenye mtaala. Kinachonishawishi mimi ni kazi yenyewe ikitazamwa kwa karibu. Chukua pakruok. Bendi inapiga, watu wamekaa na vinywaji, mmoja anainuka na kutoa pesa. Muziki unashushwa. Anaanza kujisifu: yeye ni mtoto wa nani, rafiki wa nani, anatoka ng'ambo ya mto gani, mpenzi wake ni kama nini. Kila sifa ni fumbo, na wanaomjua wanacheka kabla hajafika mwisho. Anakaa, gitaa linarudi juu. Mwimbaji naye aweza kulidaka jina la mtu huyo na kulisuka ndani ya ubeti unaofuata, na kama siku hiyo ni ya kurekodi, jina litabaki humo miaka yote santuri itakapochezwa. Hayo ni majigambo, yaleyale tunayoyafundisha kwa mifano iliyokauka kutoka vitabuni, isipokuwa haya yana bei, yana mashahidi, na mtunzi wake anaweza kuaibika papo hapo fumbo likianguka. Ukitaka kuyachambua lazima ujue Kijaluo, ujue nani ni nani mezani, na uwe na sikio la muziki, kwa sababu gitaa la kwanza la benga linafuata mwendo wa nyatiti, na sehemu ya mwisho ya wimbo, waimbaji wanaponyamaza na gitaa kushika usukani, ina maana ambayo mashairi peke yake hayawezi kukupa. Hiyo si kazi nyepesi. Ni ngumu kuliko kuhakiki riwaya nyingi nilizowahi kupewa.

Au mchukue D. O. Misiani, mwanamuziki wa benga mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliyeipatia bendi ya Shirati Jazz jina nchini Kenya na kufa katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo alizofumba siasa ndani ya hadithi za wanyama na za Biblia. Waliomkamata walikuwa wamelielewa fumbo. Mwanafunzi wa fasihi anayemaliza miaka minne Maseno, mwendo mfupi tu kutoka jiji alikofia mtu huyo, bila kufundishwa kulielewa, amenyimwa haki yake.

Sasa hapa ndipo suala la kazi, mshahara na cheo linapoingia, na ndilo linaloniudhi.

Wakenya kadhaa walioandika vizuri kuhusu utamaduni pendwa wa nchi hii, akiwemo Joyce Nyairo kuhusu muziki, George Ogola kuhusu gazeti, na Dina Ligaga kuhusu tamthilia ya redio, walisomea uzamifu wao Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kulikuwa na walimu pale, akiwemo Mkenya mwenzao James Ogude, na kulikuwa na idara iliyoliona jambo hili kuwa kazi ya kweli. Sisi tulikuwa na nyimbo na waimbaji wenyewe, Johannesburg ikawa na nafasi. Wakenya hao wakaandika huko kazi tunazozitegemea hadi leo.

Na mfumo wa kupandishwa vyeo haujaziba pengo hilo. Mhadhiri kijana hujifunza mapema kwamba makala moja ya kurasa ishirini kuhusu wimbo mmoja, ikitoka kwenye jarida la nje, itambeba mbali kuliko mkusanyiko wa nyimbo mia zilizonukuliwa neno kwa neno, zikafafanuliwa na kuwekwa maktaba. Basi anaandika makala. Inasomwa Ulaya na Marekani na wanaolipia jarida hilo. Mpiga gitaa wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, aliyekaa naye alasiri nzima haioni, na mhadhiri mwingine wa Kakamega anayetaka kusikia ule wimbo hana pa kuupata. Wakati huohuo kazi ya kukusanya hufanywa na watu wasio na cheo kabisa. Mashabiki ndio wanaozipandisha santuri za zamani kwenye YouTube. Asenath Bole Odaga alichapisha hadithi na kamusi ya Kijaluo kupitia kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji hapo Kisumu.

Vijana wananiuliza kama waingie kwenye kazi hii. Siwezi kuwaficha hali ilivyo. Uzamifu ni miaka mingi, nafasi za kudumu ni chache, na wahadhiri wa muda hulipwa kwa kozi, tena kwa kuchelewa. Sekondari ya juu imeanza na Gredi ya 10 mwaka 2026, na lengo lililotangazwa ni asilimia 60 ya wanafunzi wasome sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wanafunzi wa fasihi watapungua, na nafasi za kuwafundisha zitafuata. Wapo wakuu wa idara wanaodhani utamaduni pendwa ni dawa ya tatizo hilo: ingiza filamu, ingiza muziki wa vijana, darasa litajaa. Hapo siungani nao. Idara ya fasihi ikijiuza kama kozi ya uanahabari itashindwa na kozi ya uanahabari yenyewe, yenye studio na kamera. Sababu ya kufundisha benga ni kwamba benga ni sanaa ya maneno yenye kina na iko hapa. Kama wanafunzi watano tu ndio wanaoitaka, ifundishwe kwa hao watano.

Jambo jingine halizungumzwi sana. Fasihi ya Kiingereza inakaa upande mmoja wa korido na Kiswahili upande mwingine, na mara nyingi hawashauriani. Daudi Kabaka aliimba twisti kwa Kiswahili kilichoeleweka nchi nzima: afundishwe na nani? Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, ni ya idara gani inapopigwa kwenye mkutano wa kampeni badala ya harusi? Kazi za namna hii zinaanguka katikati, na anayezichukua anakosa wasimamizi pande zote mbili.

Ningeacha mwaka wa kwanza na wa pili kwa vitabu, visomwe vyote, kimoja baada ya kingine, bila kupunguza hata kimoja kwa ajili ya nyimbo. Hapo wanaotilia shaka wana haki kabisa. Kuanzia mwaka wa tatu, na hasa kwenye uzamili, mlango ufunguliwe wazi kwa benga, redio na vichekesho, kwa masharti makali kuliko ya riwaya. Najua ugumu wake: tasnifu yenye nyimbo mia za Kijaluo inahitaji mtahini wa nje anayejua Kijaluo na muziki, na watu hao hawapatikani kirahisi. Watafutwe, hata kama ni kumwita mwanamuziki mzee akae kwenye jopo pamoja na maprofesa.

Mezani sasa hivi kuna pendekezo kuhusu pakruok katika benga ya miaka ya 1970. Nitaliunga mkono, kwa sharti kwamba mashairi yote yawekwe kwa Kijaluo pamoja na tafsiri, na rekodi zenyewe zikabidhiwe maktaba kabla ya siku ya kutetea tasnifu.