Tafiti Zetu Haziko Kabatini, Fedha Ndizo Hazitoki

Wiki iliyopita kiongozi mmoja alikuwa redioni akirudia maneno tuliyoyazoea kila kongamano la wanasayansi linapofunguliwa: watafiti watoke maofisini, tafiti zisiishie kwenye makabati, zimfikie mwananchi. Mtangazaji akakubaliana naye. Msikilizaji akapiga simu kutoka Morogoro, naye akaunga mkono hoja. Mimi nilizima redio. Nimezaliwa Newala, baba yangu ni mkulima wa korosho, na ada yangu ya sekondari ilitokana na utafiti ambao haukuishia kwenye kabati lolote. Ulifika hadi juu ya mikorosho yetu.

Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hata tani 20,000 hazikufika. Sababu zilikuwa nyingi. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, mashamba yakabaki mbali na kugeuka pori. Bei ilikuwa haimshawishi mtu kuamka alfajiri akapalilie. Kisha, mwishoni mwa miaka ya sabini, ukaingia ubwiri unga. Ugonjwa huo nauona hadi leo nikienda nyumbani mwezi wa saba. Machipukizi yanatoka, shada la maua linachanua, halafu asubuhi moja unalikuta limefunikwa na unga mweupe. Ukiligusa unabaki na vumbi vidoleni. Siku chache baadaye maua yamekuwa ya kahawia, yanapukutika, na shada lile halitatoa hata korosho moja. Babu alivumilia misimu kadhaa, kisha akaanza kuikata mikorosho kwa kuni.

Waliotuokoa walikuwa watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya mji wa Mtwara. Walikaa na ule ugonjwa hadi wakaujua: unapenda machipukizi machanga, unapenda usiku wa baridi na umande wa kiangazi, na ukishauacha ukaingia kwenye maua umechelewa. Wakaja na salfa ya vumbi na ratiba yake. Robo kilo hivi kwa mkorosho, unaanza maua yanapochomoza, baada ya wiki mbili au tatu unarudia, na unapulizia alfajiri kabla upepo haujaamka. Baba alikuwa akifunga kitambaa puani, anabeba mashine mgongoni, anarudi saa mbili asubuhi nguo zote za manjano. Nyumba nzima ilinuka salfa hadi Septemba. Hiyo ndiyo harufu ya ada yangu.

Walifanya na kazi nyingine ambayo haionekani kirahisi. Walichagua mikorosho inayozaa vizuri, wakaipima mti kwa mti, mwaka hadi mwaka, wakapata aina bora ambazo leo unanunua miche yake ya kubebesha. Niliwahi kutembezwa kwenye majaribio yao. Kila mti una kibao chake na namba yake. Kijana mmoja alikuwa ameinama chini ya mkorosho anaokota korosho za mti ule tu, anazitia kwenye mfuko wake, anapima, anaandika kwenye daftari, anahamia mti wa pili. Mwakani atarudi kwenye mti uleule. Dakta Peter Masawe, ambaye wakulima wengi wa kusini wanamfahamu kwa jina, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika uzalishaji wa aina hizo. Watafiti kutoka nchi nyingine za Afrika wamekuja Naliendele kujifunza. Tunapowaambia watu hawa kwamba kazi yao iko kabatini tunawakosea adabu.

Sasa tuzungumzie fedha, maana hapo ndipo kiongozi wetu wa redioni hakugusa kabisa.

Mwanzoni sehemu kubwa ya kazi ile iliendeshwa kwa msaada wa Uingereza na mkopo wa Benki ya Dunia. Wafadhili hawakai milele, na korosho ilikuwa na bahati ya kupata chanzo chake. Kila anayesafirisha korosho ghafi nje ya nchi analipa ushuru: asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini, au dola 160 kwa tani, kiasi kipi kiwe kikubwa. Sheria ilielekeza asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao lenyewe, kwa utafiti, pembejeo, miche na ubanguaji, na asilimia 35 iende serikalini. Nani alikuwa analipa kwa kweli? Mnunuzi anapiga hesabu ya ushuru kabla hajataja bei mnadani, kwa hiyo mzigo unamwangukia mkulima. Baba yangu alikuwa anagharimia utafiti kupitia kilo alizopeleka AMCOS, yaani chama chao cha ushirika cha msingi, na utafiti ulikuwa unamrudia. Nchi tajiri zinatafuta kwa tochi mpango unaomuunganisha mtafiti na mtumiaji kwa namna hiyo. Sisi tulikuwa nao, Mtwara.

Juni 2018 ukavunjwa. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ilipeleka ushuru wote kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama bungeni wakapinga, wengine kwa hasira ambayo sijawahi kuiona tena, lakini sheria ilipita. Msimu uliokuwa umetangulia, 2017/18, ulikuwa umevunja rekodi kwa zaidi ya tani 310,000. Misimu mitatu iliyofuata hakuna hata mmoja uliofikia kiwango hicho.

Sitasema ushuru peke yake ndio ulioshusha mavuno. Mvua zilisumbua, na ule msimu wa 2018/19 ambao serikali ilinunua korosho na jeshi likazibeba uliwaacha watu wengi wakisubiri malipo yao muda mrefu. Mtu asiyelipwa hanunui salfa. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba usimamizi wa fedha za ushuru kabla ya 2018 haukuwa safi kila mahali. Wakulima wenyewe walilalamika pembejeo kuchelewa. Lakini dawa ya mfuko unaosimamiwa vibaya ni kuukagua, kuwawajibisha waliokula, na kuweka hesabu hadharani kwenye ubao wa kila AMCOS. Kuchukua fedha yote ya utafiti ili kuziba pengo la bajeti ni kula mbegu.

Najua baadaye ruzuku ya pembejeo ilirudi, na msimu wa 2024/25 mavuno yalipita tani 500,000. Nafurahi kwa dhati. Nyumbani kwetu watu wameezeka, wamenunua bodaboda, wamesomesha. Ila mikorosho iliyozaa tani hizo haikupandwa juzi, na ujuzi uliotumika ni wa miaka thelathini na zaidi ya kupima mti kwa mti. Tunachovuna leo kilikwishalipiwa zamani. Swali langu ni nani analipia kitakachohitajika 2045, ugonjwa mwingine ukiingia, au mvua za kusini zikibadilika kiasi cha kuvuruga msimu wa maua.

Watu wa Hazina wana jibu: utafiti utapata fedha kwenye bajeti kama sekta nyingine. Hapa ndipo napoteza uvumilivu, kwa sababu nimeona kwa macho yangu bajeti inavyofanya kazi ikifika kituoni. Nina rafiki mtafiti katika kituo kimoja cha serikali, si cha korosho. Fedha ya majaribio yake ilipitishwa Juni kama kawaida. Mvua za kwanza zilinyesha akiwa na mbegu zimepangwa kwenye bahasha, kila bahasha na namba yake, mezani. Fedha haijatoka. Akanunua mafuta ya gari kwa mshahara wake ili angalau apande eneo moja kati ya maeneo aliyopanga. Fedha ilipofika mvua zilikuwa zimekatika, na sasa barua ikamtaka aitumie haraka kabla mwaka wa serikali haujafungwa, ama irudi. Kwa hiyo akanunua vitu. Kompyuta, viti, karatasi. Majaribio yaliyohitaji misimu mfululizo yakapata tundu katikati, na data yenye tundu la namna hiyo hakuna jarida litakaloipokea wala mtu makini atakayemshauri mkulima kwa kuitegemea. Kisha anakuja mgeni rasmi kumuuliza matokeo yako wapi.

Mmea haungojei muhula wa bunge. Aina mpya ya mkorosho inahitaji miaka kumi na kuendelea kutoka kuchavusha ua hadi kumpa mkulima mche kwa uhakika. Katika miaka hiyo mawaziri wa fedha watabadilika, vipaumbele vitabadilika, uchaguzi utapita mara mbili au tatu. Fedha inayoombwa upya kila Juni haiwezi kulea kitu cha umri huo. Hata Waziri wa Fedha mwenye nia njema, akiwa na hospitali upande huu, barabara upande ule na deni la taifa katikati, ataahirisha majaribio ya mikorosho, kwa sababu mikorosho haiandamani na madhara yake hayaonekani mwaka huohuo. Simlaumu yeye kama mtu. Ndiyo maana fedha hii haipaswi kupita mezani kwake kabisa.

Kahawa imetuonyesha njia. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, Kilimanjaro, ilianzishwa na wadau wa kahawa wenyewe, wakachangia kwa makato ya mauzo yao, na wafadhili wakaongezea. Ikatoa aina zinazostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, na wakulima wanazo shambani. Haikuwa na raha ya fedha wakati wote. Lakini mwenye kahawa ana sauti kuhusu kinachotafitiwa.

Ile ahadi ya kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti nimechoka kuisikia. Viongozi wa Afrika waliizungumza kwenye Mpango wa Lagos mwaka 1980. Rais Kikwete aliahidi. Majirani zetu Kenya wakaenda mbali zaidi, sheria yao ya sayansi ya 2013 inasema asilimia mbili, na watafiti wao bado wanalalamika kama wa kwetu. Asilimia isiyokuwa na chanzo chake ni hotuba.

Kuhusu MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu ianze 2019 imewaibua vijana kutoka vijijini ambao hakuna aliyekuwa akiwajua, na hilo ni jema. Lakini shindano linamzawadia aliyekwisha kubuni. Halinunui vitendanishi, halilipi fundi wa maabara, na kijana akisharudi kwao na hundi yake anahitaji karakana yenye mhandisi wa kumkosoa.

Hapo nikumbushe viwanda vyetu vya korosho. Tulijenga 12, kwa mikopo, kwa mitambo ya Italia na Japani. Vilipokamilika korosho zilikuwa zimekwisha, na mitambo ilipoharibika hatukuwa na watu waliokuwa wamelipwa kwa miaka kuielewa na kuibadilisha iendane na korosho zetu. Vingi vikageuka maghala. Vietnam nao walianza nyuma sana, lakini wakaunda mashine zao wenyewe za kubangua, wakazirekebisha mara nyingi hadi zikafaa, na leo meli zinabeba korosho zetu ghafi kutoka Mtwara kwenda kubanguliwa kwao na India. Sisi tuna taasisi za umma za kubuni mashine na teknolojia: TEMDO na CAMARTEC pale Arusha, TIRDO Dar es Salaam, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, kila mkoa. Taasisi zipo, tena tangu miaka ya sabini na themanini. Wahandisi wake wangepewa sehemu ndogo tu ya ushuru wa korosho ghafi, kwa miaka kumi bila kukatizwa, kazi yao ikiwa mashine ya kubangua ya Tanzania, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kwa hiyo ninachotaka kinajulikana. Sehemu ya ushuru wa korosho, na ya kila zao linalotozwa, itengwe kwa utafiti na kwa uhandisi wa mashine za zao hilo, na iende moja kwa moja kwenye mfuko siku mzigo unapolipiwa bandarini, bila kuzunguka Dodoma. Bodi ya mfuko iwe na wakulima waliochaguliwa na wenzao, si waliopendekezwa na mkuu wa mkoa. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aukague kila mwaka. Na sheria iandikwe kwa namna ambayo Sheria ya Fedha ya Juni yoyote haiwezi kuigusa. Atakayetaka kuibadilisha alete muswada wake peke yake, wadau waitwe, wabishane hadharani, ichukue miezi. Mwaka 2018 ilichukua siku chache.

Wabunge wa Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani na Tanga mnaosoma haya, bajeti ijayo haiko mbali. Msikubali kujibiwa kiasi kilichotengwa. Ulizeni Naliendele ilipokea shilingi ngapi, mwezi gani, na kama zilifika kabla ya maua.