Wiski Nyepesi, Lawama Nzito

Jamani, hivi hii wiski imewakosea nini? Singo molti ya Kimarekani, rangi ya nyasi kavu, kilevi asilimia 46. Mtu anaimimina kwenye kijiglasi cha toti mpaka ukingoni, anaitupia kooni kama dawa ya kikohozi, anafuta mdomo na kutoa hukumu: "Nyepesi hii, haina kitu." Haina kitu! Sasa ulitaka ikupige ngumi?

Tatizo linaanzia kwenye jina. Mmoja atakwambia "singo" ni pipa moja. Mwingine atasema ni aina moja ya shayiri. Na mjuaji wa meza ya pembeni, ambaye hakosekani, ataapa kwamba imekenekwa mara moja tu. Wote wamekosa. Singo ni kiwanda kimoja cha ukenekaji. Molti ni kimea: shayiri iliyoloweshwa, ikachipua, ikakaushwa. Mapipa hata mia wanaweza kuyachanganya, mradi yote yamezaliwa nyumba moja.

Wamarekani wenyewe walikaa miaka bila kanuni ya kinywaji hiki. Ya serikali yao imeanza kazi Januari 2025: kimea cha shayiri asilimia 100, ukenekaji usizidi asilimia 80 ya kilevi, pipa la mwaloni lisizidi lita 700, na chupani kilevi kisishuke chini ya asilimia 40. Pipa lenyewe laweza kuwa jipya lililochomwa ndani, jipya lisilochomwa, au lililokwisha kutumika. Ugomvi wote unazaliwa hapo. Bourbon, ile wiski ya Kimarekani ya mahindi, haina hiari, lazima pipa jipya lililochomwa, ndiyo maana inanukia vanila na sukari guru mpaka jirani anajua leo kuna chupa. Singo molti nyepesi mara nyingi imelala kwenye pipa ambalo lilishalea kinywaji kingine. Mbao imechoka, nafaka ndiyo inasema. Wewe unakuja na pua iliyozoea mbao, huioni, unaitukana nafaka.

Halafu msiichanganye na ile ambayo lebo yake imeandikwa "light whiskey". Hiyo Marekani ni aina nyingine kabisa kisheria, inakenekwa juu ya asilimia 80, ladha ya nafaka ikabaki njiani. Na ile namba ya "proof" 92, kipimo cha Kimarekani cha ukali wa kilevi, inayowatia watu kiwewe, igawanye kwa mbili. Basi, ni 46.

Tuje kwenye glasi, maana hapa ndipo maovu mengi yanapotendeka. Inatakiwa yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kama Glencairn, glasi ya kuonjea wiski. Ukikosa, glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Mimina mililita 25 au 30, isivuke pale tumbo lilipo pana, ili harufu ipate pa kukusanyikia. Kile kijiglasi cha toti kikijaa, harufu ikae wapi, sebuleni? Na kabla ya kumimina, nusa glasi ikiwa tupu. Nusu ya "maua mepesi" wanayoyasifia watu ni sabuni ya vyombo, na nusu iliyobaki ni kitambaa cha jikoni kilichofuta sahani ya samaki. Suuza kwa maji ya moto, ining'inize ikauke yenyewe.

Barafu usiniambie. Baridi inafunga harufu, na kwenye wiski nyepesi harufu ndiyo mtaji wote. Lakini chumba kikiwa na joto la nyuzi 30 nako kuna balaa lake: kilevi kinapanda haraka na kuchoma pua. Isimamishe chupa kwenye beseni la maji ya bomba robo saa, itulie.

Rangi itazame kisha uisahau. Kanuni yao inaruhusu karameli, yaani sukari iliyounguzwa, ya kutia rangi, ilimradi lebo iseme, kwa hiyo weusi si ushahidi wa umri. Hata ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi, ambayo watu huikodolea macho kama wanasoma nyota, inatokana na kilevi kuruka na mvuto wa uso wa maji kubadilika. Haisemi kama wiski ni nzuri.

Iache glasi dakika kumi. Ndiyo, kumi, hakuna anayekufukuza. Kisha inusie usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, upandishe taratibu. Ukichomeka pua kama unatafuta funguo kisimani, kilevi kitaifanya ganzi na utarudi kusema haina kitu.

Na hapa lebo inaudhi kweli. "Marshmaloo iliyobanikwa, krimu ya limau." Hizo ni kumbukumbu za utoto wa walioandika lebo. Wewe tafuta yako. Aliyewahi kusimama karibu na kimea cha ulezi kinachoanikwa kwa ajili ya togwa au mbege ana faida ambayo hajui anayo, kwa sababu kimea cha shayiri ni binamu wa kile: utamu wa nafaka, ukavu kidogo, kama uji unaoanza kushika chini ya sufuria. Ukipata ndizi mbivu au tofaa bichi, hiyo ni kazi ya hamira wakati wa kuchacha. Nazi iliyokunwa na vanila ni mwaloni wa Kimarekani. Asali, ganda la chungwa, karanga, taja unachokipata. Kosa ni kutaja kisichopo kwa kuwa lebo imekitaja.

Kunywa sasa, nusu kijiko cha chai. Funda la kwanza ni la kuamsha ulimi, lisihukumiwe. La pili lizungushe mdomoni sekunde kumi, meza, toa pumzi kwa pua, uangalie kinachobaki na kinakaa muda gani. Aliyetoka kula nyama choma na pilipili akae pembeni, anywe maji, atafune mkate mkavu, arudi baada ya nusu saa.

Maji nayo watu huyatia kama wanazima moto. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 5, bila sindano. Kwenye mililita 30 za asilimia 46, mililita 2 za maji zinaishusha karibu 43, na nne na nusu zinaifikisha 40. Tia moja, nusa, onja, ndipo uongeze. Nyepesi ikishazidiwa maji hairudi. Ikifanya ukungu kidogo usiite polisi, ni mafuta ya asili ambayo hayakuchujwa kwa baridi.

Sasa, ubaya upo pia, msidhani natetea kila chupa. Harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ikibaki hata baada ya dakika kumi, huenda kichwa cha mkeneko, yaani matone ya kwanza, hakikutengwa vizuri. Waliowahi kuona gongo likipikwa wanajua matone ya kwanza si ya kuchekea. Boksi lililonyeshewa ni mkia, yaani matone ya mwisho, uliokatwa kwa kuchelewa. Kiberiti kilichowashwa ni salfa ambayo shaba ya mtambo haikuifyonza. Na uchungu wa majani ya chai yaliyochemka kutwa mara nyingi ni pipa dogo jipya: mbao nyingi kwa kila lita, tanini, ule ukakasi wa mbao, inaingia mbio wakati spiriti yenyewe bado mtoto.

Ukitaka kuilinganisha, mtu mwingine amimine, glasi ziandikwe herufi chini ya kitako, nyepesi itangulie na yenye moshi iwe ya mwisho. Ukianza na moshi, zote zitakazofuata zitakuwa na ladha ya jiko.

Glasi tupu usiioshe usiku huo. Kilevi kitaruka, na asubuhi kitakachobaki ndani ndiyo nafaka yenyewe, kavu, bila pambo. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, ndiyo maana nyumba yoyote yenye mtu anayeamka alfajiri kuosha vyombo haitakaa ipate jibu.