Nakuru inajenga vitanda, kazi itakaa wapi?

Nilipokuwa mtoto, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi mtaa wetu hapa Nakuru ulikuwa unajaa watu wanaoingia. Walitoka Kaptembwo, Rhonda, Bondeni na Free Area, wengi kwa miguu, wachache kwa baiskeli, chupa ya chai kwapani. King'ora cha kiwanda kikilia, geti linafungwa na mtaa unanyamaza mpaka shifti ya mchana. Baba alikuwa mmoja wao. Mimi nilijua saa kwa king'ora kabla sijajua kusoma saa ya ukutani.

Siku hizi nikilala kwa mdogo wangu, aliyepanga ghorofa ya nne palepale kiwanda kilipokuwa, naamshwa na makonda. Saa kumi na moja alfajiri wameshapanga matatu nje ya geti, huyu anaita Naivasha, yule Gilgil, mwingine Nairobi. Watu wanashuka ngazi mbiombio, viatu mkononi, watoto wameachiwa shangazi au jirani. Kufika saa tatu, kwenye majengo yote manne hubaki walinzi, mama fua na watoto ambao hawajaanza shule. Mtaa uliokuwa ukivuta watu sasa unawamwaga.

Mdogo wangu anaipenda nyumba yake, na ana haki. Sisi tulilelewa katika chumba kimoja, choo cha nje tukitumia familia nane. Yeye ana choo ndani, ana jikoni, ana dirisha linalomwonyesha mlima Menengai. Mama alipoitembelea mara ya kwanza alifungua na kufunga bomba mara tatu, akakaa kitini bila kusema neno. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nawaonea watu gere kwa kupata makao bora. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na kaunti yenye watu zaidi ya milioni 2, kwa hesabu ya sensa ya 2019, haiwezi kuwaweka wote katika vyumba vya mabati.

Kinachoniuma ni ardhi ya kazi kugeuzwa ardhi ya kulala, kiwanja baada ya kiwanja, na hakuna anayeuliza kazi itahamia wapi.

Mji huu ulizaliwa na kazi. Reli ilipita hapa ikielekea ziwani Kisumu mwanzoni mwa karne iliyopita, na kando yake yakaja maghala ya nafaka, vinu vya unga, kiwanda cha pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, viwanda vya blanketi. Kuna wakati sehemu kubwa ya pareto iliyouzwa duniani ilitoka Kenya, na ilikuwa ikisindikwa hapahapa Nakuru. Kisha soko likafunguliwa miaka ya tisini, mitumba na bidhaa za bei ya chini zikaingia, mageti yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa 2014. Leo ukimwambia dereva akushushe Eveready, anajua ni wapi, ingawa hakuna betri inayotengenezwa pale. Watoto wangu wanadhani ni jina la mtaa tu.

Mitaa kama Kaloleni, Kivumbini, Flamingo na Bondeni ilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mji. Zile nyumba za kikoloni zilikuwa finyu, na sitazisifia, kwa sababu waliozichora hawakumhesabu Mwafrika kuwa mtu mwenye familia. Lakini aliyelala pale aliweza kutembea mpaka kazini na kurudi nyumbani kula mchana. Baba hakuwahi kulipa nauli ya kwenda kazini maisha yake yote. Hesabu ile nauli ya kila siku, mwaka mzima, miaka ishirini na moja. Ndiyo iliyotulipia karo.

Sasa Bondeni ina nyumba mpya 605 za mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, na kampuni za watu binafsi zinajenga kila pembe. Mpango wa serikali unaendeshwa kwa makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Maana yake nyumba zenyewe zinasimama juu ya mishahara. Nami nauliza kwa dhati kabisa: tukimaliza mahali pa kuajiri watu, nani atakatwa?

Kuna jibu ambalo husikia kila ninapolisema hili, kwamba viwanda vilishakufa, kwa hiyo tunabomoa makaburi. Si kweli, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kiwanda cha baba kilipofungwa, baada ya miaka michache ua wake ulipangishwa vipandevipande. Walikuja mafundi. Kulikuwa na wachomeleaji vyuma, waunda sofa, wapiga rangi magari, mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza vinu vya kusagia, vijana wa kuchonga vitanda, na nyuma yao akina mama wa githeri na chapati waliowalisha wote. Hawakuwa na kibao wala king'ora, na sidhani walikuwa kwenye takwimu zozote. Lakini kila asubuhi watu waliendelea kuingia mtaani. Kazi ilikuwa imebadili nguo.

Notisi ya kuhama ilipokuja walipewa siku thelathini.

Fundi mmoja aliyekuwa pale nilimkuta mwaka jana huko Lanet, anachomelea chini ya mti kando ya barabara, jenereta pembeni kwa sababu hana umeme. Yeye ndiye aliyetengeneza grili za ngazi za jengo la kwanza, jengo anamoishi mdogo wangu. Aliniambia, "Dada, grili nilizitengenezea palepale uani. Za jengo la pili zilikuja na lori kutoka Nairobi, sikuwa na pa kuzifanyia." Vijana wanne aliokuwa akiwafundisha wametawanyika, wawili wanaendesha bodaboda.

Ua ule usingegeuzwa nyumba, ungeweza kufufuka tena. Angekuja mwekezaji, au chama cha mafundi, au hata kaunti ikajenga vibanda. Lakini chini ya Sheria ya Sehemu za Majengo ya 2020 kila nyumba ya ghorofani inaweza kuwa na hati yake. Ardhi ikishakuwa na wenye hati mia mbili, utawakusanya vipi siku ukihitaji karakana?

Halafu kuna udongo wenyewe. Ardhi iliyomwagiwa dawa za rangi, mafuta na kemikali kwa miongo mitatu haisafiki kwa kuezuliwa paa. Tulishaonyeshwa pale Owino Uhuru, Mombasa, ambako watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwenye kiwanja chetu sikuwahi kuona mtu akichukua udongo kuupima, na mimi ni mtu wa kupita pale kila wiki. Mdogo wangu alipanda sukuma wiki kando ya ukuta. Nilimwomba azing'oe, akaning'unikia siku mbili.

Maji ya bomba yake ni ya kisima kilichochimbwa na mwenye jengo. Sisi wa Bonde la Ufa tunajua maana yake, tunaijua kwa meno yetu. Miamba ya volkeno ina madini ya floraidi, na visima vingi vya hapa vinapita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo anafulia ya bomba, na ya kunywa ananunua kwa mtungi ili meno ya mwanawe yasiwe ya kahawia kama yetu. Majitaka nayo yanateremka upande wa Ziwa Nakuru, ziwa lile ambalo maji yake yamepanda mpaka yakaingia nyumba za watu mtaani Mwariki. Mji umekaa kama bakuli. Hatuwezi kuendelea kuongeza majengo juu huku mabomba ya chini ni yaleyale.

Wiki iliyopita kwenye geti la maghala ya pili, mkabala na kwa mdogo wangu, imebandikwa karatasi ya kuomba kubadili matumizi ya ardhi. Imeandikwa Kiingereza, herufi ndogo, imefunikwa nusu na bango la mganga. Sheria ya upangaji wa ardhi ya 2019 inampa mwananchi nafasi ya kutoa pingamizi, lakini lazima ajue kuna kitu cha kupinga. Niliipiga picha, nikaitafsiri, nikaibandika upya kwa Kiswahili kwenye kibanda cha mama mboga ambapo kila mtu hupita. Mama mboga aliisoma kwa sauti mara mbili kwa wateja wake.

Barua yangu nimeshaiandika. Sijaomba ujenzi usimamishwe. Nimeomba ghorofa ya chini yote, kwenye kila jengo, iwe ya karakana na maduka ya kupangisha kwa kodi ambayo fundi anaweza kuilipa, na masharti hayo yaandikwe kwenye kibali ili mwenye jengo asiyafute akishauza nyumba. Nimeomba udongo upimwe na majibu yabandikwe getini. Jumamosi nilipitisha karatasi ya sahihi ngazi kwa ngazi kwenye jengo la mdogo wangu, na nyumba nyingi nilikuta zimefungwa, wenyewe wako kazini Naivasha. Kesho nitarudi saa kumi na moja alfajiri, nisimame pale matatu zinapopakia.