Sikulewa, Nilisinzia Kwenye Kiti

Rafiki yangu ameshawasimulia ya kwake: eti niliingia darasani nimelewa, mkono unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Sasa sikieni ya mwenye mkono. Sikulewa. Nilisinzia kwenye kiti. Ndiyo, mimi ninayefundisha anatomia ya mkono, nimeangushwa na kiti.

Usiku ule nilikuwa naandaa somo la neva ya radiali, mshipa wa fahamu unaoamuru kiwiko kunyooka na kiganja kuinuka. (Mshaanza kucheka, nawaona.) Nikautupa mkono wa kulia nyuma ya egemeo, ukingo wa mbao ukanikaa katikati ya bega na kiwiko, usingizi ukanibeba. Nilipozinduka mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nikaukung'uta, nikakunja kiwiko, nikakinyoosha, nikajiambia: mzima huu. Nikaoga kwa mkono wa kushoto, nikaenda kazini.

Hapo ndipo nilipojidanganya kitaalamu. Neva ya radiali huanzia kwapani, nyuma ya ateri, yaani mshipa mkubwa wa damu wa hapo, na matawi mengi ya trisepsi, msuli unaonyoosha kiwiko, huchepuka mapema huko juu. Baadaye neva yenyewe huzunguka nyuma ya humerasi, mfupa wa kati ya bega na kiwiko, kwenye mfereji, imelala karibu kabisa na mfupa. Ukiibana hapo, kiwiko kitanyooka kama kawaida, halafu chini ya kiwiko ni msiba. Nimelifundisha hilo miaka. Miaka!

Sasa darasani. Wanafunzi 40, kimya. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Kipimo cha neva hii ni rahisi. Nyoosha mkono mbele, kiganja kitazame chini, kisha kiinue kama trafiki anayesimamisha gari. Nitazameni mimi."

Wakanitazama.

Kiwiko kikanyooka vizuri, hata kwa madaha. Kiganja kikabaki kinaning'inia. Nikakiamuru tena, kimoyomoyo, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa. Kimya. Ncha za vidole zikajinyoosha kidogo nikapata matumaini, kumbe ni misuli midogo ya kiganja, ambayo mingi hutumikia neva nyingine, ya alna. Wafanyakazi wa ofisi nyingine kabisa. Jasho likaanza kunitoka kwapani, maana tezi zake hazikuwa na hitilafu yoyote.

Nikaona bora nisaidie kwa bega. Nikalipandisha. Mkono mzima ukapanda, kiganja bado kinachungulia sakafu kama shingo ya bata aliyechinjwa. Na darasa langu, kwa adabu zao zote, likaniiga. Viganja 40 vikaning'inia hewani, mabega 40 yakapanda masikioni. Binti mmoja wa mstari wa mbele akaandika daftarini: "Hatua ya pili: pandisha bega."

Ndipo kijana mmoja wa nyuma kabisa, asiyezungumzaga, akanyoosha mkono. Wake ulinyooka. "Samahani mwalimu, ulilalia mkono?"

Sikujibu. Akaja mbele. "Nyoosha kiwiko, nisukume." Nikamsukuma. "Trisepsi ni nzima, basi neva haikubanwa kwapani." "Kunja kiwiko, dole gumba juu, mimi nazuia." Ule msuli wa upande wa dole gumba, ambao hapo hutuna kama kamba, ulikuwa umelala chapati. Akanigusa nyuma ya kiganja, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. "Unasikia?" Sikusikia. Akaligeukia darasa: "Imebanwa kwenye mfereji wa humerasi."

Wakampigia makofi. Yeye, si mimi.

Nikajaribu kumpa kalamu achore ubaoni, ikaniponyoka. Akaiokota, akanishika kifundo cha mkono, akakiinua kwa nyuma: "Kamata sasa, mwalimu." Nikakamata barabara! Kifundo kikishuka, kano za kukunja vidole hulegea, nguvu ya kushika hupotea, kikiinuliwa hurudi. Alinieleza hayo polepole, kama mtu anayemweleza bibi yake simu mpya.

Yaliyofuata ni mafupi. Daktari alisema neva haikukatika, ni ganda lake tu lililominywa. Nikafungwa banzi la kuinua kifundo, nikawa navinyoosha vidole kwa mkono wa pili visikakamae, na wiki ya tano kiganja kikainuka chenyewe nikiwa napiga mswaki. Mnaouliza kama nililia, pitieni mbali.

Picha mliyotumiwa, ya darasa zima likining'iniza viganja, ilipigwa dirishani na huyo huyo rafiki. Na yule binti wa mstari wa mbele bado ananifuata ukumbini kuuliza kama hatua ya pili itatoka kwenye mtihani.