Mimi, D40 yangu na shemeji mwenye kamera mpya

Jamani kama na wewe una shemeji anayependa vitu vipya njoo tukae pamoja tulie. Mi nilikuwa nimetulia na kamera yangu, simdai mtu wala mtu hanidai, tunapiga picha zetu za nyumbani zinatoka tunacheka yanaisha, mpaka siku kaka wa mke wangu alipoingia na kiboksi akakiweka mezani taratibu utadhani kuna mtoto amelala ndani. Nikon Z50II. Imetoka mwishoni mwa 2024. Akakaa, akanikazia macho, akauliza eti, "Shem, hivi ile yako ni ya mwaka gani vile?" Na anajua! Anajua vizuri sana maana amenicheka nayo kila akija. Nikamjibu Nikon D40, ya 2006. Akasema "oooh," ile oooh ya kumpa mtu pole ya msiba.

Nikamwambia we acha hizo, kamera ya kwanza ya dijitali, ile aliyoitengeneza injinia mmoja anaitwa Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa kilo 3 na ushee, ikitumia sekunde 23 kuandika picha moja ya nyeusi na nyeupe kwenye kanda ya kaseti. Sekunde 23, mtu ameshapigwa, anaisubiri picha yake mpaka mdomo unakauka. Yangu mbele ya hiyo ni roketi. Jamaa akatikisa kichwa, "Sawa shem, ila mbona wa kushindana naye umemfuata 1975?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Damu moja hawa, usiwaamini.

Toka siku hiyo usingizi wangu ukaharibika. Watu wakilala mi nafungua simu nalinganisha. Yangu megapikseli 6, yake karibu 21, na ukiisikia hivyo unajiona umeachwa mara tatu na zaidi, yaani wenzako wako kwenye basi we unakimbiza na kandambili. Lakini ngoja. Picha yangu kwa upana ina pikseli 3008, yake ina 5568. Sasa hizo mara tatu ziko wapi? Haifiki hata mara mbili! Kumbe hizi megapikseli ni upana unazidishwa kwa urefu, ndo maana kwenye matangazo zinavimba vile, na TV ya full HD yenyewe skrini yake nzima ni kama megapikseli 2 tu, mbili, kwa hiyo picha yangu ikifika pale inabidi ipunguzwe ndo ienee. Nikamwamsha mke wangu nimweleze huu uvumbuzi. Akauliza saa ngapi. Nikasema saa nane. Akageukia ukutani bila neno.

Na hata hivyo picha zenyewe tunaziangalia wapi? Si kwenye kundi la familia WhatsApp, ambako zikipita zinakamuliwa mpaka zinakonda, ya shemeji na ya kwangu zinatokea zimelingana kama mapacha wenye njaa. Nilimwambia hilo. Akasema yeye anatuma HD. Sikumjibu.

Sasa nisiwe mnafiki, kuna sehemu napigwa na najijua. Gizani sina la kusema. ISO yangu, yaani kile kipimo cha kamera kuona kwenye mwanga hafifu, rasmi inaishia 1600, nikilazimisha inaruka mpaka 3200 na hapo picha inajaa chenga kama TV iliyokosa antena, mtoto kwenye keki yake anaonekana amemwagiwa mchanga. Yake inakwenda mpaka 51200. Sisemi kwamba huko mwisho ni kuzuri, ila pale ambapo mi nawasha taa zote za nyumba na tochi ya jirani, yeye anapiga tu na taa ya barazani. Fokasi pia, ile ya kukaza kitu kisitoke na ukungu. Yangu ina nukta 3, mafiga matatu, la kushoto la katikati na la kulia, ukitaka kitu kilichoko nje ya mafiga jipange mwenyewe. Yake nukta zinapita 200 na haitaki hata uchague, inatafuta macho yenyewe. Eti inatambua aina 9 za vitu: watu, mbwa, paka, ndege, gari, pikipiki, baiskeli, treni na ndege. Nikamwambia umetaja ndege mara mbili. Akasema hapana, wa kwanza ana manyoya, ya pili ina abiria. Yaani sisi wenyewe lugha yetu haijatenganisha, kamera imetenganisha! Na huyo wa manyoya amepewa na mpangilio wake peke yake kwenye menyu, kama mgeni rasmi.

Ila siku alipotaka kutuonesha ubingwa wake tukaona mambo. Mama mkwe kakaa kwenye kochi katulia, nyuma yake ukutani kuna picha ya marehemu baba mkwe. Shemeji analenga, kile kiboksi cha fokasi kinaruka kwa marehemu. Anarudisha, kinaruka. Anasogea kushoto, kiboksi kinamng'ang'ania marehemu kwenye jicho, la kulia kabisa. Watu tuko kimya hatujui tucheke au tuombe dua. Mama akasema, "Muacheni, ndiye mwenye nyumba."

Halafu ina mbio za picha 11 kwa sekunde, yangu 2 na nusu (na hiyo nusu sijawahi kuiona). Shemeji kidole chake hakijui kuachia. Shughuli ya saa mbili karudi na picha mia tisa na kitu, akatuwekea zote, tukamwangalia mama anafumba jicho kidogo kidogo, kidogo kidogo, mpaka limefungika, halafu linafunguka tena kidogo kidogo. Picha nzuri ilikuwa mojawapo humo, mpaka leo hatujaipata. Na faili ghafi moja ya yangu, yaani picha kama ilivyotoka kabla kamera haijaipika, ni kama MB 5 hivi, yake moja inaweza kupita 20, sasa zidisha kwa mia tisa halafu uniambie kwa nini kompyuta yake siku hizi inapumua kama imepanda mlima.

Na mimi nina vyangu, msinione hivi. Betri yangu kwa vipimo vya kiwandani ni picha 470, yake haifiki 300, kwa sababu haina kile kioo cha ndani cha kukuonesha kitu chenyewe, unaangalia kiskrini muda wote na skrini inakula umeme hata ukiwa unafikiria tu upige au usipige. Mi nachungulia hata kamera ikiwa imezimwa! Betri imekufa, mi bado naona dunia. Akasema sasa inakusaidia nini kuona bila kupiga. Nikasema inatuliza. Flashi yangu pia inakwenda na shata (kile kipazia kinachofunguka na kufunga ukibonyeza) mpaka 1/500 ya sekunde, yake inaishia 1/200, na hilo jua la mchana ukitaka kumtoa mtu vivuli vya machoni utanikumbuka. Nilipolitaja aliguna. Nililiona guno lile, nimeliweka kifuani kama medali.

Basi nikaanza kujidanganya polepole, si unajua inavyoanza, eti "naangalia tu". Nikasema nitanunua mwili tu, lenzi ninazo. Kumbe mdomo wa lenzi zangu ni ule wa tangu 1959, kutoka mdomoni mpaka pale ndani picha inapodakwa ni milimita 46.5, na hizi mpya zimefupishwa mpaka 16, haiingii bila adapta katikati. Sawa, adapta ipo, naambiwa inaitwa FTZ. Ile lenzi yangu ndogo ya 18-55 ina mota yake ndani, itafokasi kama kawaida. Lakini ninayo nyingine, kipenzi changu, ya kizamani, inategemea mota iwe ndani ya kamera. D40 haina mota hiyo, kwa hiyo miaka yote naizungusha kwa mkono kama natafuta stesheni ya redio, nikijipa moyo kwamba siku moja nitapata kamera ya maana nipumzike. Nikasoma kuhusu adapta mpaka chini kabisa kwenye maandishi ya sisimizi. Haina mota. Yaani nitoe hela zote zile, nivuke karibu miaka ishirini ya maendeleo, nifike ng'ambo, niendelee kuzungusha.

Lakini sio hilo lililonikamata. Kuna siri humu ndani na mwenye kuijua ni mke wangu tu.

Miaka kadhaa nyuma niliona vumbi kwenye sensa (sio ile ya kuhesabu watu, ile ya kudaka mwanga). Kila mahali wameandika usipulize kwa mdomo, tumia kile kipulizio cha mpira. Mi nikaingia kwenye menyu, nikanyanyua kioo, nikasogeza uso karibu kabisa, nikavuta pumzi, nikapuliza. Puuu. Vumbi likaondoka kweli. Mate yakabaki. Tone moja, dogo, lenye vichembe viwili pembeni. Kamera nyingi za baadaye zinajitikisa zenyewe kukung'uta vumbi, yangu hiyo kitu haina, na mate yaliyokauka hata ungeipeleka ngomani isingeyatoa. Kulisafisha nikaogopa, nikasema nitaongeza kosa juu ya kosa. Na kwa vile picha inaingia kwenye sensa miguu juu kichwa chini, tone lililoko chini kule linatokea juu kwenye picha. Kulia. Angani. Na vile vichembe viwili, Mungu anisamehe, vikawa mabawa.

Mama mkwe ndiye aliyemuona wa kwanza. Anapitia albamu, akasema, "Huyu ndege yupo hapa, na hapa yupo, na hapa kwenye ubatizo yupo." Nikasema ndiyo mama. Ningesema nini? Ningemwambia mama mkwe kwamba hayo ni mate yangu, yako juu ya kichwa chake kwenye picha aliyoweka fremu? Mama akaanza kumfuatilia. Akagundua kwamba kwenye picha ya kusimama ndege anahamia kushoto, akasema anapenda kubadilisha tawi. Ni mimi nimegeuza kamera. Akagundua kwamba kwenye jua kali ndege anaonekana vizuri sana, ila picha za ndani hayupo, akasema ana adabu, nyumba za watu haingii. Ni mimi nje natumia f/16, tundu la lenzi likiwa dogo vile doa linajichora lote, ndani nafungua lenzi mpaka mwisho linafifia. Mwaka wa pili akaanza kuwaambia majirani. Mwaka wa tatu akawa anampungia mkono kabla sijabonyeza. Mke wangu kila mara ananikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa Jumapili iliyopita shemeji kaunganisha kamera yake na TV, tunaangalia picha za nje za familia, na niseme ukweli zilikuwa nzuri, kope unahesabu, uzi wa kwenye kola unauona. Kila mtu "aah", "ona", "hebu rudisha". Mama kimya. Kaisogelea TV, anaangalia juu kulia. Akaangalia na juu kushoto.

"Ndege yuko wapi?"

Shemeji akajibu kwa kujiamini, "Mama, hii ina mpangilio wa ndege peke yake, angekuwepo isingemkosa."

"Basi hakuja." Sauti ilivyoshuka jamani, niliona aibu kwa niaba ya maendeleo yote ya teknolojia. Akanigeukia mimi, "Mwanangu, wewe ukipiga si huwa anakuja?"

Mke wangu kashaanza kuutafuta mguu wangu. Nikainuka, nikaenda kuitoa D40 kwenye begi lake lenye zipu mbovu, mlango wa betri nimeufunga na selotepu tangu mtoto aliponiangushia, tukatoka wote uani, jua la saa sita linawaka. Nikaweka f/16. Nikawapanga. Mama kanyoosha mkono angani tayari. Klaki. Nikageuza kile kiskrini cha inchi 2 na nusu, vichwa saba vikagongana kuchungulia, na pale juu, kulia, ndege, na mabawa yake mawili. Mama akapiga kigelegele.

Shemeji hakusema kitu. Alisubiri watu waingie ndani ndo akanivuta pembeni, kamera yake mpya kaikumbatia, kashusha sauti, "Shem, usinifiche. Hiyo unaiseti wapi?"

Nikaangalia huku na huku. Nikamwambia, toa lenzi kwanza.