Wa Nakuru, tumesahau 2008?

Nimesoma habari kwamba kuna wakazi wa hapa Nakuru wanaotaka Warundi wanaouza njugu mjini warudishwe kwao. Mimi Mkristo, imeniuma. Mapema 2008 uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ulijaa mahema ya Wakenya wenzetu waliofukuzwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi. Mama alipika uji, akanituma na vikombe, wala hakuuliza mtu kabila. Walawi 19:34 inaagiza mgeni apendwe kama nafsi yako, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Vibali vikaguliwe, sawa, lakini kumwita mtu mwizi kwa sababu ya lafudhi yake ni dhambi. Kijana anayetuuzia njugu jioni tulikaa naye benchi moja kanisani Jumapili, ndoo yake ameiacha mlangoni.