Kidonge kwenye Pindo la Kanga

Shangazi yangu akipanda boti bandari ya Malindi, Unguja, kurudi Pemba hufunga vitu viwili kwenye pindo la kanga: nauli ya gari ya kutoka Mkoani hadi Wete, na kidonge kimoja cha diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kilichoviringwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Nauli huifungua akishuka. Kidonge hajakifungua, na huu ni mwaka wa tatu. Lakini kuna siku alifika bandarini, akapapasa pindo, hamna kitu. Akageuza njia na mizigo yake yote, boti ikamwacha, na tiketi ikaenda hivyo hivyo.

Ukimuuliza kama anatumia dawa atakujibu haraka: "Mie dawa nimeacha zamani, baba." Kila nikimsikia najiuliza kama kweli kaacha. Kumeza hamezi. Lakini safari yake yote imefungwa kwenye lile pindo.

Nimeanza na yeye kwa sababu mjadala wa kuishi na hofu ya ghafla bila dawa, kila ninapoukuta, iwe barazani au kwa wauguzi, hukatwa mapande mawili tu: wanaomeza na wasiomeza. Wanaomeza wanaambiwa wamekuwa watumwa wa vidonge. Wasiomeza wanaambiwa wanaupuuza ugonjwa. Kundi hili la pili ndilo naliona halieleweki, na baadhi ya wasiolielewa ni wenyewe waliomo.

Hali yenyewe wengi tunaijua hata kama hatujaipa jina. Mtu yuko sokoni Darajani, hana hili wala lile, mara moyo unakwenda mbio, pumzi haitoshi, vidole vinafanya ganzi, watu anawaona kama wako mbali, na nafsi inamwambia: ndiyo leo, unakufa. Kwetu ataambiwa ana presha. Vipimo vikitoka safi, ana mawazo. Vikitoka safi tena, ana sheitani. Na spitali, baada ya kipimo cha moyo kutoa mistari mizuri, ataambiwa neno ambalo kila mgonjwa wa hofu analikumbuka: "Huna kitu." Huna kitu, na usiku ule ule inarudi.

Wanaotetea dawa wana hoja, na sitaki kuzipunguza. Kwanza, vipimo havikwepeki. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, pumu, mapigo ya moyo yasiyo sawa, vyote hivyo vinaweza kuvaa sura ile ile ya hofu, na mtu asikae anahesabu pumzi wakati damu imemwishia. Pili, si kila dawa ni diazepamu. Fluoksetini na sertralini, za kundi la dawa za sonona, hazilevyi wala hazina uteja ule watu wanaouogopa. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza hata kuuzidisha wasiwasi kidogo, jambo ambalo mgonjwa asipoambiwa mapema huzitupa siku ya nne. Mtu ambaye hofu imemfungia ndani miezi, hali chakula, halali usingizi, na sonona imempanda juu yake, kumnyima dawa kwa kuogopa "atazizoea" ni kumwonea. Tatu, na hii ndiyo hoja nzito kwetu: dawa ipo, mtu wa kukaa naye hayupo. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari watu 1,889,773, na hospitali ya magonjwa ya akili ni moja, Kidongo Chekundu, jina ambalo mitaani tumeligeuza tusi hata mwenye hofu tu anaona aibu kuonekana analikaribia lango lake.

Haya ni kweli. Lakini yote yanachukulia kwamba asiyemeza dawa hafanyi chochote.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliieleza hofu ya ghafla kwa namna iliyobadilisha tiba yake. Alisema inajengwa na tafsiri. Moyo unaruka pigo moja, jambo la kawaida kwa aliyekunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu. Mwenye hofu anatafsiri kuwa moyo unasimama. Tafsiri inaleta hofu, hofu inamwaga adrenalini, adrenalini inaukimbiza moyo, na moyo ukikimbia tafsiri inapata ushahidi wake. Hapo mtu anahema kwa nguvu, hewa ya ukaa inapungua katika damu, ndipo vidole vinapofanya ganzi na kichwa kuwa chepesi. Huo nao unakuwa ushahidi mwengine.

Shangazi nilimpeleka mwenyewe kwa muuguzi mmoja kijana aliyesomea afya ya akili. Sikutegemea kitu. Muuguzi akampa kiti, akavuta cha kwake, akamwambia: "Mama, tuheme haraka haraka, kama waliopanda ngazi, dakika moja tu. Mimi na wewe." Shangazi akanitazama kwa jicho la kuniuliza nimemleta kwa nani. Wakaanza. Dakika haikutimia. Akaacha, akatandaza vidole mbele ya uso, vinatetemeka, akasema kwa sauti ya kushituka: "Ndo hii! Ndo hii yenyewe!"

Muuguzi naye anahema, akamuuliza taratibu: "Kakuletea nani, mama?"

Shangazi kimya. Miaka minane amekuwa akiulizwa swali hilo hilo na watu wengine, na jawabu lilikuwa ama husda ya jirani, ama ruhani wa ukoo. Safari hii jawabu lilikuwa vidoleni mwake. Hakuambiwa ajikaze. Aliambiwa asubiri. Tukakaa watu watatu kimya tunaitazama saa ya ukutani, na baada ya dakika nne au tano vidole vikatulia, pasi na maji ya kusomewa wala kidonge.

Kilichofuata kilikuwa kazi, na kazi yenyewe si laini. Kila wiki alirudi. Nyumbani alipewa mazoezi: azunguke papo hapo mpaka apate kizunguzungu, apande ngazi mpaka moyo umdunde, kisha asimame auache ushuke bila kushika kifua. Halafu Darajani, dakika ishirini katikati ya watu, asisimame penye upenyo wa kutokea. Halafu boti, akae ndani kabisa, asikae karibu na mlango, asimpigie simu dada yake kila nusu saa. Alilia mara mbili njiani. Kuna wiki hakwenda. Anayedhani kutibu hofu bila dawa ni kustarehe kwa kuvuta pumzi ndefu ufukweni hajaiona.

Sasa nirudi kwenye kidonge. Hofu ya ghafla kwa kawaida hupanda hadi kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kudumu katika mbio zile. Diazepamu ikimezwa inahitaji muda wa kuyeyuka na kuingia katika damu. Huchukua kama saa nzima, pengine zaidi, kufika nguvu yake kamili. Maana yake mara nyingi kidonge kinawasili shughuli imeshakwisha, wageni wanakunja mikeka, na bado shukurani zote kinapewa chenyewe. Mtu anajifunza kwamba kidonge kimemwokoa, kumbe hofu ilikuwa inakwenda zake. Na kila akikimeza, au akikipapasa tu kwenye pindo, anaikosa nafasi ya kuligundua hilo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2023, halipendekezi dawa za jamii ya diazepamu kuwa tiba ya hofu ya ghafla inayojirudia. Kwetu bado ndicho kidonge cha kwanza watu wanachokitaja.

Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiufikiria shangazi ananijia. Mwaka 2000 David Barlow na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 312 wa hofu ya ghafla. Waliwagawa makundi matano: tiba ya mazungumzo na mazoezi kama aliyoyafanya shangazi, imipramini (dawa ya zamani ya sonona), vyote viwili, mazungumzo pamoja na kidonge bandia kisicho na dawa ndani, na kidonge bandia peke yake. Miezi mitatu ya tiba, miezi sita ya kuiendeleza kwa walioitikia, kisha kila kitu kikakatwa. Tiba ilipokuwa ikiendelea, waliopata vyote viwili walifanya vizuri zaidi mwishoni mwa ile miezi sita. Hiyo ni pointi ya wanaotetea dawa, na ni yao kwa haki.

Halafu wakaangaliwa tena miezi sita baada ya kukatiwa. Kwa tathmini ya jumla ya wataalamu, waliobaki na nafuu katika kila mia walikuwa 41 waliopata mazungumzo na kidonge bandia, 32 waliopata mazungumzo peke yake, 26 waliopata mazungumzo na dawa ya kweli, 20 wa dawa peke yake, na 13 wa kidonge bandia peke yake.

Tazama 41 na 26. Mazungumzo ni yale yale, kumeza ni kule kule, kilichotofautiana ni kilichokuwamo ndani ya kidonge. Wenye dawa ya kweli ndio walioporomoka. Mimi naielewa hivi: aliyejifunza kuikabili hofu mwili wake ukiwa umetulizwa na dawa, alijifunza juu ya mwili ule uliotulizwa. Dawa ilipoondoka akabaki na mwili asioufanyia mazoezi, na pengine na imani kwamba ushindi haukuwa wake. Watafiti wenyewe ni waangalifu zaidi yangu, na wana sababu. Tofauti ya 41 na 32 ni ndogo, haifai kujengewa nyumba. Hata 41 haifiki nusu. Waliokuwa wamejifungia kabisa ndani kwa hofu hawakuingizwa kwenye utafiti, na imipramini si dawa inayotangulizwa siku hizi. Lakini hata ukizipunguza namba hizi kiasi gani, linabaki hili: waliojifunza waliondoka na kitu ambacho hakikukatwa siku dawa ilipokatwa.

Na hapa kwetu "bila dawa" mara nyingi maana yake ni kwa maalim. Simvunjii heshima maalim. Neno lenyewe tulilonalo, wasiwasi, ni la Qurani, limo katika sura ya 114, na Mswahili anaposema ana wasiwasi anasema jambo la nafsi na la imani kwa pamoja. Kisomo kinakusanya ndugu, kinamweka mgonjwa katikati, na kusoma kwa mahadhi ya taratibu kunaishusha pumzi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu waliokuwa wakisali rozari na wengine wakirudia maneno ya yoga, wakakuta pumzi zao zimeteremka hadi kama sita kwa dakika. Uradi wetu hawakuupima, lakini aliyewahi kukaa kwenye halaka, ule mduara wa dhikiri, hahitaji kuelezwa. Ninachokiogopa ni pale msomaji anapomwambia mgonjwa kilichomo ndani yake. Akishaambiwa ana ruhani kifuani, kila pigo la moyo ni ruhani anajigeuza, na ule mduara aliousema Clark unaanza upya ukiwa na mkaazi. Kombe, zile aya zinazoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, halimdhuru mtu wa hofu. Hukumu ile inamdhuru.

Tusimwambie Mpemba pia kwamba bahari haina kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Anayeshika tasbihi boti ikipita Nungwi hana ugonjwa. Bahari na iogopwe kwa yaliyo yake. Kinachotibiwa ni mtu kuuogopa moyo wake mwenyewe, amekaa kitini, maji yametulia, mtoto wa jirani amelala kwenye paja lake.

Linabaki la nani wa kufundisha. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mabenchi ya urafiki, ambapo kina bibi waliofunzwa hukaa nje ya zahanati kuwasikiliza wanaosumbuliwa na kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo ukafika hadi Zanzibar. Benchi lile halikubuniwa kwa hofu ya ghafla peke yake, na bibi wa benchi si mbadala wa daktari. Ila linaivunja hoja kwamba hakuna watu. Sisi tuna baraza kila nyumba na kina bibi wa kuzijaza. Kinachokosekana ni mafunzo, na vituo vya afya kumpa muuguzi nusu saa na viti viwili.

Jambo moja nalisema kwa mkazo: anayemeza diazepamu kila siku kwa muda mrefu asisome haya akaitupa leo. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya daktari.

Mara ya mwisho nilimsindikiza shangazi Malindi alfajiri. Alifungua pindo kunitolea pesa ya chai, na ile karatasi ya daftari ikafunuka. Kidonge kimesagika kwa kubanwa na fundo, umebaki unga mweupe na kipande kimoja kama punje ya mchele. Nikamuuliza kama nimkimbilie duka la dawa nimletee kingine.

"Cha nini?" akasema. Akaikunja karatasi na unga wake, akalifunga fundo kama lilivyokuwa, akanyanyua mzigo wake, akaenda kupanga foleni.